Chasisi ikioza Marekani wanapewa mpya, ikioza Mazwi tunapakiwa rangi nyeusi!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Sumbawanga

NDUGU msomaji, kama unamiliki pikapu, au unaendesha pikapu ya tajiri kwa hesabu ya jioni, au siku ya mnada unadandia nyuma ya pikapu ukiwa umekalia gunia lako la mahindi, basi leo tuna mazungumzo. Na kama huna gari kabisa, usigeuze ukurasa. Mlalahoi asiye na gari ndiye anayebebwa nyuma ya gari bovu la mwenzake.

Swali lenyewe ni hili: chasisi ya pikapu ikioza kwa kutu, nani abebe gharama? Fundi wa Mazwi? Dereva? Utingo? Au aliyelitengeneza, aliyelileta na aliyechukua ushuru wake bandarini?

Usinijibu haraka. Sikiliza kwanza wenzetu walivyojibu, halafu tujiangalie wenyewe.

KWA MMAREKANI

Nchini Marekani kuna pikapu ya Toyota iitwayo Tacoma. Ni binamu yake Hilux, ila imeundwa kwa ajili ya soko la kule. Zile zilizoundwa kuanzia mwaka 1995 hadi 2000 zilianza kuoza chasisi. Sizungumzii kutu ile ya juu inayotoka kwa msasa. Nazungumzia kutu inayokula chuma kwa ndani mpaka kinatoboka, fundi akigonga kwa nyundo nyundo inazama kama anagonga boksi la sabuni.

Mwaka 2008 Toyota ikatangaza kwamba gari hizo, zaidi ya laki 8, zinaongezewa dhamana ya kutu kwenye chasisi hadi miaka 15, bila kujali gari limetembea maili ngapi. Mwenye gari alitakiwa kulipeleka kwa wakala likaguliwe bure. Zile zilizokutwa zimeoza kupita kiasi kampuni ilizinunua, na bei yake ilikuwa mara moja na nusu ya thamani ya gari la aina hiyo lililo katika hali nzuri sana!

Rudia kusoma hapo. Gari limeoza, lina zaidi ya miaka kumi, na mwenyewe analipwa bei ya gari zima na nusu juu yake. Hapa kwetu ukienda na gari kama hilo yadi uliyolinunua, utabahatika sana kama mlinzi atakufungulia geti.

Hayakuishia hapo. Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo iliziita karibu pikapu 110,000 aina ya Tundra za miaka ya 2000 hadi 2003, kwa sababu kutu ya nyuma ya chasisi iliweza kuangusha taili la spea barabarani na kuharibu bomba za breki. Mwaka 2011 kampuni ya Dana ya huko huko Marekani, iliyokuwa ikitengeneza chasisi za Tacoma, ikakubali kuilipa Toyota dola milioni 25 kumaliza madai ya chasisi hizo. Maana yake ni nini? Mkubwa naye alimgeukia aliyemuuzia chuma kibovu akamwambia, mwenzangu, na wewe toa. Hakuna aliyesema "bahati mbaya" wala "mipango ya Mungu".

Kisha ikaja kubwa kuliko zote. Wenye magari walijikusanya, wakafungua kesi ya pamoja mahakamani California. Mwaka 2016 yakafikiwa mapatano yaliyogusa magari yapatayo milioni 1.5: Tacoma za mwaka 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008. Thamani ya mapatano hayo ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Bilioni, ndugu yangu, si milioni! Chasisi mpya moja pamoja na kazi ya kuibadilisha ilihesabiwa kama dola 15,000. Kwa pesa yetu ya miaka hii hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30, bei ya pikapu nzima ya mtumba.

Tena kipimo hakikuwa kubembelezana. Mkaguzi aliingia uvunguni, akatafuta tundu lililotobolewa na kutu. Likifika milimita 10, yaani upana wa kidole chembamba, chasisi inabadilishwa. Bodi linanyanyuliwa, injini na giaboksi vinahamishwa, gari linashushwa juu ya chuma kipya. Aliyekuwa ameshajilipia mwenyewe kabla ya mapatano aliruhusiwa kudai arudishiwe. Muda wa dhamana ulikuwa miaka 12 tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza.

Tuseme ukweli wote, maana gazeti hili si la kupaka watu matope. Toyota haikukiri kosa. Ilikubali kulipa bila kukiri. Na mimi sisemi Hilux yako ya Mazwi ina ugonjwa wa Tacoma. Wala usije ukadanganywa na dalali kwamba dhamana ile ya Marekani inaweza kukufikia hapa. Ilikuwa ya magari ya kule, na miaka yake imeshapita. Nakueleza habari hii kwa sababu nyingine.

HAIKUWA HURUMA

Kuna watu wakisikia habari kama hii wanasema, "Ah, wale Wazungu wana pesa." Uongo! Pesa ya Mmarekani haikubadilisha chasisi hata moja. Kilichobadilisha chasisi ni kelele iliyoandikwa.

Kule kuna idara ya serikali ya usalama barabarani inayoitwa NHTSA, iliyoanzishwa mwaka 1970. Raia akiona gari lake lina kasoro anaandika malalamiko yake: aina ya gari, mwaka, mahali, kilichotokea. Anayaona yameingia kwenye orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Mmoja akiandika, ni mlalamikaji. Mia wakiandika jambo lile lile, ni ushahidi. Mwanasheria akiuona ushahidi ule ananusa kesi, mwandishi wa habari ananusa habari, na kampuni inanusa hasara. Hapo ndipo mlango unapofunguka.

Kumbe silaha ilikuwa kalamu, orodha na mahakama. Mkulima wa kule hakumpigia magoti mkurugenzi wa kampuni. Wala hakusubiri mheshimiwa aje na msafara wa mashangingi, apewe risala na ngoma, ndipo aahidi kwamba "suala lenu nimelichukua".

SASA NJOO MAZWI

Hebu tuangalie pikapu yetu sisi. Imetoka wapi?

Nyingi zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika. Japani siyo Tokyo tu. Kaskazini kuna Hokkaido, ambako theluji huanguka kwa miezi na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ile na maji yake vinaruka uvunguni, vinaingia kwenye matundu ya chasisi, vinakaa humo. Na Hilux za karibuni je? Toyota iliacha kuuza Hilux huko Japani mwaka 2004, ikarudi mwaka 2017. Kwa hiyo Hilux nyingi za mtumba za miaka ya katikati zimetoka kwingine, kama Thailand na Uingereza. Na Uingereza nako wanamwaga chumvi barabarani kila baridi.

Halafu inafika kwetu. Inapakia nini? Inapakia chumvi ya Uvinza. Inapakia samaki wa Ziwa Rukwa na dagaa wa Kasanga, maji ya samaki yanachuruzika mpaka kwenye chuma. Inapakia mbolea ya mahindi, na mbolea ya chumvichumvi ni adui wa chuma kama chumvi yenyewe. Masika inatembea kwenye tope la Ufipa, tope linaganda juu ya ekseli na kukaa na unyevu wiki nzima. Kutu haihitaji zaidi ya hapo: chuma, maji na hewa. Ukiongeza chumvi, umeiwekea mchuzi.

Sasa gari hilo, likiwa limeanza kuoza tangu huko lilikotoka, linashuka Dar es Salaam. Mjanja mmoja analipiga rangi nyeusi uvunguni. Linang'aa! Wewe umesafiri zaidi ya kilomita 1,100, umebeba pesa za ukoo, za mahindi ya misimu mitatu na ng'ombe wa mjomba. Unaonyeshwa siti, redio na taili. Unapewa ufunguo, unapiga picha, unarudi Sumbawanga shujaa. Miezi sita baadaye gari linaanza kulia nyuma ukivuka tuta. Fundi anaingia uvunguni, anagonga, anatoka na kipande cha chuma mkononi kama ganda la muwa.

"Kaka, hapa hakuna chasisi. Hapa kuna rangi."

Utafanyaje? Utachomelea bati. Ukichomelea huku, kutu inatokea kule. Utapaka oili chafu. Utaomba Mungu. Na kesho utapakia watu.

Hapo ndipo mzaha unapokwisha, msomaji. Pikapu za hapa hazibebi mizigo peke yake. Zinabeba mama zetu na watoto, kutoka uwanda huu wa juu kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa, Muze na Mtowisa. Mteremko ule unaujua. Bomba za breki zimefungwa kwenye chasisi hiyo hiyo. Springi zimeshikwa na chasisi hiyo hiyo. Chuma kikikatika pale, hakuna dereva hodari. Kesho yake utasikia redioni kwamba chanzo cha ajali ni "mwendo kasi", na dereva aliyekufa hawezi kusimama kujitetea.

USHURU WA UCHAKAVU, UCHAKAVU WA NANI?

Sasa tuje kwa wakubwa.

Ukiingiza gari nchini hutozwi kodi moja. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT, kuna ushuru wa ukubwa wa injini, na kuna ule wenye jina tamu kuliko yote, ushuru wa uchakavu. Gari la kutembelea lililozidi miaka 10 limekuwa likiongezewa asilimia 30 kwa sababu tu ni kuukuu. Pikapu na magari ya kazi yana viwango vyake. Maelezo ni kwamba serikali haitaki nchi igeuzwe jalala.

Sawa. Nchi isigeuzwe jalala. Lakini hebu nieleze, ndugu Mkubwa, kama unakubali kwa mdomo wako kwamba gari hili limechakaa, na umelipima uchakavu wake kwa asilimia, na umechukua pesa yake, mbona hukuingia uvunguni kuangalia limechakaa wapi? Unatoza kutu lakini huikagui! Kutu ikiwa bandarini ni mapato ya taifa, ikifika Mazwi ni shauri la mwenye gari!

Utaambiwa, "Magari yanakaguliwa." Ni kweli, ukaguzi upo kwa mujibu wa karatasi. Lakini tuna kumbukumbu. Mwaka 2012 Bunge lilitikiswa na sakata la Shirika la Viwango, TBS. Kamati ya Bunge ya mashirika ya umma ilieleza kwamba vituo vya kukagulia magari vilivyodaiwa kuwapo ng'ambo, Hong Kong na Singapore, wabunge walipokwenda kuviona hawakuvikuta kama ilivyosemwa. Vilikuwa vituo vya hewa! Mwezi Mei mwaka huo Rais Kikwete akapangua Baraza la Mawaziri, na Waziri wa Viwanda na Biashara alikuwa miongoni mwa walioachwa. Tukapiga makofi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Baadaye utaratibu ukabadilishwa. Mwaka 2021 ukaguzi wa magari yaliyotumika ukahamishiwa hapa nyumbani, yakaguliwe yakishafika. Mimi sina ugomvi na mahali pa kukagulia. Iwe Yokohama, iwe Dar es Salaam. Nauliza kitu kimoja tu: mnunuzi wa mwisho, huyu kijana wa Mazwi, anapewa karatasi gani inayosema hali ya chasisi? Anayo taarifa yenye sahihi ya mtu, ili kesho amshike mtu huyo? Kama hana, basi huo ukaguzi alifanyiwa nani?

Na ukishalisajili, nani anakagua tena? Trafiki anakusimamisha. Anaangalia taa, waipa, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto, stika ya Nenda kwa Usalama. Jiulize, katika miaka yako yote ya udereva umewahi kumwona trafiki amevua kofia akaingia uvunguni? Stika inabandikwa kwenye kioo. Kutu iko mgongoni mwa gari. Haviangaliani.

Wenyewe wakubwa hawana shida hiyo. Shangingi likianza kulia kidogo linapelekwa matengenezo kwa kasma ya ofisi, likizeeka linapigwa mnada na jipya linaagizwa. Anayelipia lile jipya ni wewe, unayechomelea bati.

ETI MTUMBA HAUNA HAKI?

Nimeisikia hoja hii mara nyingi vijiweni, na inasemwa na vijana wenzangu: "Wewe umenunua mtumba, unadai nini? Ungetaka dhamana ungenunua jipya."

Vijana, hoja hii ni ya wauzaji, sisi tumeiokota tu. Nina majibu matatu.

La kwanza. Kule Marekani dhamana ya chasisi ilifuata gari, haikufuata jina la mnunuzi wa kwanza. Aliyenunua Tacoma ikiwa mtumba, mkono wa pili au wa tatu, ilimradi gari lipo kwenye miaka iliyotajwa, alikuwa na haki ile ile. Kwa hiyo mtumba una haki. Ni kwetu tu ambako tumefundishwa kwamba aliyenunua kuukuu amenunua na ukimya.

La pili. Sheria za Tanzania hazisemi hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ukimwambia mwenye yadi, "Nataka pikapu ya kubebea mizigo Rukwa," naye akakupa chasisi ya rangi, hamjamalizana. Iko pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na kuipa kazi ya kumlinda mlaji. Sheria tunazo. Tatizo ni kwamba zimekaa Dodoma na Dar es Salaam zikisubiri mlaji aziendee kwa nauli yake.

La tatu. Kuuza kitu kikuukuu si kosa. Kosa ni kukificha. Aliyepaka rangi juu ya tundu alijua kuna tundu. Huo si mtumba, huo ni utapeli. Soko huria halikuja na ruksa ya kumtapeli mtu mradi tu umempa risiti.

BARABARA YA MMAREKANI, HAKI YA NANI?

Nikupe kichekesho kimoja cha mkoa wetu. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 224, ilijengwa kwa fedha za Wamarekani, zile za MCC. Mkataba wake wa dola milioni 698, uliobeba pia miradi ya maji na umeme, ulisainiwa Februari 2008, Rais Bush alipokuja kumtembelea Rais Kikwete. Yaani mwaka ule ule ambao mkulima wa Marekani alianza kulipwa kwa chasisi yake iliyooza, pesa ya kodi yake ilikuwa inakuja kutujengea lami ya kupitishia chasisi zetu zilizooza.

Wakubwa walikwenda kuomba barabara, wakapewa. Hongera. Hawakuona haja ya kuiga na ule utaratibu unaompa raia ubavu wa kuibana kampuni? Lami unaweza kupewa na mfadhili. Haki ya mlaji haina mfadhili. Ni lazima muidai wenyewe.

Na sisi wa Ufipa tuone haya kidogo. Babu zetu walikuwa mabingwa wa chuma. Waliyeyusha mawe kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo magofu yake bado yanaonekana. Jembe la Mfipa lilijulikana mbali. Mtu wa zamani hapa alikijua chuma kizima na chuma kibovu. Leo mjukuu wake anauziwa kutu iliyopakwa rangi, anaambiwa "lina AC", anacheka, anatoa pesa!

TUFANYE NINI?

Makala ya kulalamika tu ni kama gari lisilo na taili. Haya hapa ya kufanya.

Kwanza, ukinunua gari, usianze na siti. Anza uvunguni. Nenda na fundi wako, usitumie fundi wa muuzaji. Mgonge chasisi kwa nyundo ndogo urefu wote. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinanyamaza. Chokonoa kwa bisibisi nyuma ya taili za nyuma, juu ya ekseli, kwenye vishikio vya springi na mahali panapokaa taili la spea. Ukiona rangi nyeusi mbichi wakati gari lina miaka kumi na tano, jiulize inaficha nini. Mwenye gari akikataza kugonga, umeshapata jibu, ondoka.

Pili, kama gari limepita kwenye mnada wa Japani, dai karatasi yake ya mnada. Wajapani huandika kila kitu. Herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, herufi C ni chuma kilicholiwa. Karatasi hiyo muuzaji anayo au anaweza kuipata. Akisema imepotea, mwulize mbona bei haikupotea.

Tatu, dai maandishi. Kwenye hati ya mauziano iandikwe kwamba chasisi haijatoboka, haijakatwa wala kuunganishwa, na namba ya chasisi iandikwe hapo hapo. Muuzaji mkweli hatapata shida na mstari mmoja wa maneno. Tapeli ataanza kutoka jasho. Madai ya mkataba sheria inayapa miaka sita, lakini bila maandishi utakuwa na miaka sita ya kusimulia hadithi.

Nne, na hili ndilo kubwa, tujiorodheshe. Madereva wa Mazwi, wa Laela, wa Matai, kila mwenye chasisi iliyooza aandike: gari gani, la mwaka gani, limenunuliwa wapi, lini, kwa bei gani, na picha ya tundu lenyewe. Orodha moja, daftari moja. Daftari la shilingi elfu moja tu! Wakifika watu thelathini walionunua yadi moja, hiyo si bahati mbaya tena. Kanuni za mashauri ya madai, Amri ya Kwanza, kanuni ya nane, zinaruhusu watu wachache kwa kibali cha mahakama kushitaki kwa niaba ya wengi wenye dai moja. Ndivyo wale wa California walivyofanya kwa sheria zao. Sisi ya kwetu ipo kwenye vitabu, haijaguswa, imeshika kutu na yenyewe.

Tano, tuwabane wanaotaka kura zetu, wa chama chochote, wa kijani na wa rangi nyingine. Wakija na kanga na fulana, waulizwe haya: je, karatasi ya ukaguzi wa chasisi itafuata gari mpaka kwa mnunuzi wa mwisho? Je, kampuni ikiita magari yake huko duniani, wizara itatangaza kwa Kiswahili, redioni, ili na mtu wa Mtowisa asikie? Je, ushuru wa uchakavu utatumika hata kidogo kununua mashine na kuajiri mafundi wa kukagua uchakavu huo? Asiyeweza kujibu, ale ubwabwa wake peke yake.

NENO LA MWISHO

Najua wapo watakaosema kijana huyu anataka Tanzania iwe Marekani. La hasha. Sitaki theluji yao wala kelele zao. Nataka kitu kidogo tu, na sisemi kile "kitu kidogo" cha kwenye mabarabara. Nataka kila anayechukua pesa kwenye safari ya gari hili, kuanzia kiwandani, yadi, bandarini mpaka kwenye stika, abebe na sehemu yake ya kutu. Leo wote wanakula kwenye faida, kutu wamemwachia mtu mmoja, yule aliye mwisho wa barabara.

Wanasema jina la mji wetu lina maana ya kutupa uchawi. Basi tuanze na uchawi huu wa kupaka rangi juu ya tundu na kuliita gari. Tuutupe.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, chukua nyundo, ingia uvunguni, gonga. Ukisikia kimya, usichomelee ukanyamaza na wewe. Andika!